Baiskeli ya Zamani Isioze Nyuma ya Nyumba: Jinsi ya Kuifufua Iwe ya Kuendesha kwa Raha

Somo letu la toleo hili ni la mikono na akili pamoja. Someni kwa sauti mkiwa mmekaa pamoja, na kama kuna baiskeli kuukuu karibu, ileteni katikati ili kila mtu aone kile kinachosemwa.

Ukipita vijijini kwetu, hasa upande wa Nyanza na Magharibi, utaona jambo moja. Nyuma ya ghala ama chini ya mwembe kuna baiskeli nyeusi imeegemezwa, tairi zimekauka, kuku wanalala juu yake. Hiyo ndiyo ile tuliyoiita Black Mamba. Nyingine ni Raleigh kutoka Nottingham, Uingereza, nyingine Hero ya Ludhiana kule India, nyingine Phoenix ya Shanghai, China. Baiskeli hizi zilisomesha watoto wengi. Kule Busia ndizo zilizobeba watu na mizigo kutoka mpaka wa Kenya hadi ule wa Uganda, na hapo ndipo jina bodaboda lilipozaliwa. Kisha miaka ya 2000 pikipiki zikaingia kwa wingi, na baiskeli ikawekwa kando.

Sasa basi, kwa nini tuirudie? Si ili tubebe tena magunia mawili ya mahindi. Ni kwa sababu nyingine. Wengi wetu tumefika umri ambao ukienda kupimwa presha ama sukari, daktari anakwambia, "Fanya mazoezi." Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri angalau dakika 150 kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Mwenye magoti mabovu hawezi kukimbia, lakini akikaa juu ya baiskeli iliyotengenezwa vizuri, uzito wake unabebwa na kiti, na miguu inazunguka tu. Mzee anaweza kwenda kumjulia hali rafiki yake vijiji viwili mbali, na mama anaweza kutembelea dada yake Jumapili jioni, bila nauli.

Lakini sikilizeni. Baiskeli iliyofufuliwa vibaya ni hatari. Kikundi kimoja nilichotembelea kilinunua rangi kwanza. Baiskeli ikang'aa kama mpya, kila mtu akaisifu. Breki hawakuzigusa. Siku ya mvua kijana mmoja akateremka nayo mlima, akabana breki, isishike. Alitokea kwenye shamba la mahindi, mkono umevunjika. Kwa hiyo fuateni utaratibu huu: uhai kwanza, starehe pili, urembo mwisho.

HATUA YA KWANZA: JE, BAISKELI HII INAFAA?

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, kagueni fremu. Tairi, cheni na kiti vinaweza kununuliwa. Fremu ikiwa imekufa, hakuna baiskeli.

1. Ioshe kwa maji na sabuni, kisha iangalie juani. Tafuta nyufa mahali pipa za chuma zinapoungana: karibu na usukani, chini ya kiti, na pale pedeli zinapozungukia. Rangi iliyopasuka kama mstari mwembamba inaweza kuwa inaficha ufa.

2. Pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka kutoka kwa usukani. Ukisikia mkunjo kama wa nguo isiyopigwa pasi, jua hiyo baiskeli iligonga kitu. Iache.

3. Fanya kipimo cha uzi. Ondoa gurudumu la nyuma. Funga uzi pale ekseli inapokaa upande wa kushoto, uupeleke mbele uzunguke bomba la usukani, uurudishe nyuma mpaka upande wa kulia. Vuta ukaze. Sasa pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikiwa sawa, fremu imenyooka. Zikitofautiana kidogo, fundi mzuri anaweza kuinyoosha. Zikitofautiana kwa upana wa kidole, fikirini mara mbili.

4. Angalia uma wa mbele kutoka ubavuni. Unatakiwa uwe umepinda kwenda mbele kwa ulaini. Ukiwa umerudi nyuma, ni mgongano tena.

Jambo jingine kwa akina mama. Fundi akikuambia atakata lile bomba la juu alishushe ili uweze kupanda na sketi, kataa. Bomba hilo ndilo linaloshika fremu yote. Tafuteni fremu iliyotengenezwa ya akina mama tangu kiwandani, zipo.

HATUA YA PILI: KUFUNGUA

Tafuteni spana, nyundo, mafuta ya taa, grisi, vitambaa na makopo matano. Kila sehemu iwe na kopo lake: mbele, nyuma, usukani, pedeli, breki. Mtu mmoja awe karani, achore kila kitu kabla hakijafunguliwa. Msiamini kumbukumbu.

Nati zilizoshika kutu zipakeni mafuta jioni, mfungue asubuhi. Kutumia nguvu nyingi kunavunja.

Hapa kuna siri mbili ambazo zimeharibu baiskeli nyingi. Pedeli ya kushoto inafunguka kinyume na nati nyingine: unaizungusha kwenda kulia, kama mshale wa saa. Kikombe kilicho upande wa cheni, pale pedeli zinapozungukia, nacho ni hivyo hivyo. Asiyejua hilo huzidi kukaza huku akidhani anafungua, mwishowe anakula meno ya chuma.

Siri nyingine ni zile pini zinazoshika mikono ya pedeli. Usizipige nyundo hivi hivi. Legeza nati mpaka ikae sawa na ncha ya pini, ili meno yasipondeke. Kisha mwenzako aweke kipande cha bomba nene la chuma chini ya mkono wa pedeli, kikisimama imara chini. Hapo piga pigo moja zito. Mapigo madogo madogo yanapinda pini tu.

HATUA YA TATU: GOLOLI NA GRISI

Mzee wa baiskeli akikwambia, "Inaendesha nzito," mara nyingi ugonjwa uko kwa gololi, zile chuma za mviringo zinazofanya gurudumu lizunguke. Grisi ya miaka 20 imekuwa matope.

Toeni gololi zote, zioshwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe kwa kitambaa. Hii kazi ifanyiwe nje, mbali na moto. Gololi iliyopoteza mng'ao au yenye vishimo itupwe. Msichanganye kuukuu na mpya, nunueni seti nzima. Katika baiskeli nyingi za aina hii, gurudumu la mbele lina gololi 10 kila upande, la nyuma 9 zilizo kubwa zaidi, na kwenye pedeli katikati kuna 11 kila upande zikiwa huru. Lakini hesabuni zilizotoka katika baiskeli yenu, kisha muende dukani na moja mkononi.

Angalieni pia vikombe na koni. Kikiwa na mashimo kama uso wenye ndui, badilisheni. Enyi wenye Raleigh za zamani, chukueni tahadhari: meno ya vikombe vya Raleigh nyingi ni membamba kuliko ya baiskeli nyingine. Kikombe cha kawaida ukikilazimisha, utaharibu fremu. Kwa hiyo msitupe kitu cha zamani kabla hamjapata kipya kinachotoshea.

Wakati wa kufunga, jaza grisi mpya, kaza koni mpaka mtikisiko uishe, kisha legeza kidogo sana. Gurudumu lizunguke lenyewe, na likisimama, liache valvu ivute chini polepole. Hapo mmefaulu.

Mnaporudisha pini za mikono ya pedeli, nati moja ielekee juu wakati nyingine imeelekea chini. Mkiziweka upande mmoja, pedeli hazitakaa kwenye mstari mmoja, na mwendeshaji atakuwa kama anachechemea.

HATUA YA NNE: MAGURUDUMU NA BREKI

Neno "28" kwenye tairi limewadanganya watu wengi. Tairi ya 28 kwa 1½ ya Black Mamba si sawa na 28 nyingine iliyotengenezwa kwa baiskeli za mitumba kutoka Ulaya. Someni namba ndogo zilizopigwa ubavuni. Ya Black Mamba huandikwa 40-635. Ile nyingine ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi haitaingia, au itatoka njiani.

Spoki ziguseni kila moja kwa kijiti, kama mtu anayepiga zeze. Zilizokaza hulia, zilizolegea hunyamaza. Gurudumu likiyumba kwenda kulia, kaza spoki za kushoto mahali hapo, robo mzunguko kila mara, na mlegeze kidogo za kulia. Polepole ndio mwendo hapa. Likiyumba chini ya milimita 2, limetosha.

Sasa breki. Zile za vyuma vinavyovuta raba juu, upande wa ndani wa rimu, ni imara lakini zinataka kuangaliwa. Raba mpya, rimu iliyosuguliwa kutu, nati zote zimekaza. Nafasi kati ya raba na rimu iwe kama milimita 3. Kisha jaribu: simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, isukume mbele kwa nguvu. Gurudumu lisizunguke, la nyuma lianze kuinuka. Rudia kwa ya nyuma, lijikokote bila kuzunguka.

Kuna ukweli ambao lazima kila mwendeshaji aujue. Rimu za chuma zikilowa, breki hupoteza nguvu nyingi. Wakati wa mvua anza kubana mapema, kabla ya mteremko, ili raba zifute maji. Mteremko ukiwa mkali, shuka utembee. Hakuna aibu.

HATUA YA TANO: IFANYE IWE YA RAHA

Hapa ndipo wengi hawafiki. Baiskeli inatembea, basi wanaridhika. Kumbe kazi ya starehe ndiyo inaanza.

Kwanza, wepesi. Black Mamba nyingi zina meno 48 mbele na 18 nyuma. Kwa gurudumu la 28, kila ukizungusha pedeli mara moja unaenda karibu mita 6. Kwa kijana kwenye tambarare ni sawa. Kwa mama wa miaka 55 kwenye mlima wa Kisii, ni mateso ya magoti. Mkibadilisha friwili ya nyuma ikawa ya meno 22, mzunguko mmoja utamsogeza kama mita 4 na nusu mpaka 5. Utaenda polepole kidogo, lakini mguu unabeba karibu moja ya tano pungufu. Hiki ni kifaa cha bei nafuu, na ndicho kitakachomfanya mtu arudi kuendesha kesho yake.

Kumbukeni kuwa friwili kubwa inataka cheni ndefu zaidi. Cheni ya zamani nayo ipimwe: viungo 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, viwe inchi 12. Vikizidi kwa moja ya nane ya inchi, imeisha. Ikishafungwa, katikati yake iweze kupanda na kushuka kama nusu inchi.

Pili, kimo cha kiti. Hii haigharimu chochote. Mwendeshaji akae, mwenzake ashike baiskeli. Aweke kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Akiendesha kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litabaki limekunjwa kidogo. Hicho ndicho kimo chake. Watu wetu wengi huketi chini mno ili wafikishe miguu ardhini, halafu wanalalamika kuwa magoti yanauma. Kwa mwanafunzi au mtu mwoga, anzeni chini, mpandishe kidogo kidogo kila wiki. Lakini bomba la kiti libaki ndani ya fremu angalau sentimita 7, la sivyo litavunjika. Bomba la usukani vilevile.

Tatu, usukani. Ukae sawa na kiti au juu yake kidogo. Hapo mgongo unasimama, macho yanaona mbali, na mikono haifi ganzi.

Nne, kiti chenyewe. Kile cha ngozi chenye springi ni kizuri kwa barabara zetu za mawe, msikitupe. Ngozi ikiwa imelegea, ile nati ya mbele chini yake huikaza, nusu mzunguko tu kila mara. Mdomo wa kiti usielekee juu.

Tano, upepo. Tairi gumu kama jiwe linakutikisa meno, laini mno linapasua tyubu na kuharibu rimu. Ukikaa juu, tairi lipanuke kidogo tu chini. La nyuma liwe gumu kuliko la mbele, kwa sababu ndilo linalobeba uzito zaidi.

Mwisho, ondoeni keria kubwa ya mizigo ikiwa haihitajiki. Madigadi na kifuniko cha cheni vibaki, vinalinda nguo. Wekeni kengele, na kioo chekundu nyuma kinachorudisha mwanga. Anayechelewa jioni awe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Endesheni upande wa kushoto, mkijua kwamba madereva wengine hawatawaona.

RANGI

Sasa ndio mnaweza kupaka rangi. Lakini rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Msisugue kavu. Tumieni msasa wa maji, watoto wakae mbali, mnawe mikono kabla ya kula, na maji yale yasimwagwe karibu na kisima wala mboga.

PESA ZA KIKUNDI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kununua, mweka hazina aandike kila kifaa na bei yake kutoka maduka mawili tofauti. Mimi huwashauri vikundi hivi: jumla ikifika zaidi ya nusu ya bei ya baiskeli mpya, simameni. Labda ni afadhali kuchukua baiskeli mbili mbovu mtengeneze moja nzuri. Tuseme kikundi kina baiskeli tatu kuukuu. Moja ina fremu iliyonyooka, nyingine ina magurudumu mazuri, ya tatu ina kiti na breki. Hapo tayari mna baiskeli moja, na mnanunua tairi, tyubu, cheni, friwili na gololi tu.

Amueni pia baiskeli ni ya nani. Ikiwa ni ya kikundi, kuwe na zamu iliyoandikwa, na mtu mmoja wa kuikagua kila Jumamosi: upepo, breki, nati, mafuta kwenye cheni. Dakika kumi tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Fundi wa jua kali naye alipwe haki yake, na vijana wawili wa kikundi wakae naye wajifunze, ili mara ya pili ufundi uwe wenu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu kuna baiskeli ngapi zimelala? Nani anaweza kuzihesabu wiki hii?

2. Nani kati yetu ameambiwa na daktari afanye mazoezi, na ni nini kinamzuia?

3. Akina mama wetu wanaendesha baiskeli? Kama hapana, ni baiskeli ndiyo mbaya au ni maneno ya watu?

4. Ni mteremko gani karibu nasi ambao tutakubaliana kila mtu ashuke atembee?

5. Tunaweza kutenga shilingi ngapi kila mwezi bila kugusa pesa za kukopeshana?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao leteni baiskeli moja tu, mfanye kipimo cha uzi mbele ya wote. Ikifaulu, ifungueni. Ikishindwa, iwe ya kutoa vifaa. Mkimaliza ya kwanza, mwendeshaji wa kwanza awe yule mwenye umri mkubwa zaidi kati yenu anayejua kuendesha. Akirudi hana maumivu ya goti wala mgongo, basi kazi yenu ni njema, na mnaweza kuanza ya pili.